Telekomandi imepotea, lakini televizio haijakufa



Kila mwisho wa mwezi, mushahara ukiisha kuingia, watu wanapita ku biro ya sendika na maulizo ya kila namna. Primi haikuonekana ku karatasi ya mushahara. Saa za usiku zimehesabiwa sawa saa za muchana. Deni la duka limekula nusu ya feza. Tunapofungua madeni hayo moja moja, mara na mara tunakuta deni lenye kutushangaza: televizio ya pili, wakati ya kwanza iko nzima. Haikuungua, kioo chake hakikupasuka. Ni telekomandi tu njo ilipotea.

Mambo yanaendaka hivi. Televizio hizi za intaneti, zenye kuonyesha YouTube na filme bila kupitia dekoderi, hazina butoni nyingi mbele kama zile za zamani. Telekomandi ikipotea, televizio inabaki kimya, taa ndogo nyekundu inawaka chini yake. Jirani anaangalia, anasema: «Ile imekufa.» Fundi anasema: «Karte yake imeungua, ulete feza.» Muuzishaji anasema: «Twaa ingine, utalipa polepole, mwezi kwa mwezi.» Na baba, juu hapendi watoto wake waende kusimama ku dirisha la watu kuangalia mupira, anatia mukono ku karatasi ya deni.

Sisi hatukatazi mutu kununua televizio. Feza ni ya jasho lake. Lakini deni lenye kutoka ku pile mbili na kipande cha plastiki, hilo tunaweza kulizuia. Njo maana leo tunaacha mambo ya konvasio koletivu pembeni kidogo, tunaongea juu ya kitu cha ndani ya nyumba. Neno letu ni moja: telekomandi ni mulango mumoja tu wa televizio. Kuko milango ingine, lakini inafunguka vizuri zaidi kwa mutu aliyeitayarisha mbele ya shida kufika.

Woga wa tangu zamani

Mwaka 1955, huko Marekani, injeniere mumoja wa kampuni Zenith, jina lake Eugene Polley, alitengeneza telekomandi ya kwanza ya televizio isiyo na kamba. Waliiita Flash-Matic. Ilikuwa sawa torchi: ukimulika pembe moja ya televizio, inawaka, ukimulika pembe ingine, inabadilisha shene. Ubaya wake, jua likiingia ku dirisha, televizio ilianza kujibadilisha yenyewe. Mwaka uliofuata, 1956, Robert Adler wa kampuni ileile akaleta Space Command, yenye kufanya kazi na sauti nyembamba ambayo sikio la mutu haliisikii. Haikuwa na pile hata moja. Na sababu yake ilikuwa ya maana: wauzishaji waliogopa kwamba siku pile zitaisha, mununuzi atafikiri televizio yenyewe ndiyo imeharibika.

Miaka karibu makumi saba imepita, na woga wao ni wa kweli mpaka leo, hapa kwetu Kikula, Panda na Shituru.

Wenye kufanya kazi chini ya udongo wanajua kitu hiki. Ku mine nyingi, mashini ya kupakia mawe inaongozwa kwa telekomandi ya redio, ili mutu asisimame pahali jiwe linaweza kumuangukia. Lakini mashini hiyo iko pia na butoni zake yenyewe, na ile nyekundu ya kusimamisha. Waliotengeneza mashini hawakuacha mulango mumoja tu. Televizio pia ni vile.

Mbele ya kusema «imekufa», pima

Kama telekomandi iko lakini haifanye kazi, usiitupe. Twaa simu, fungua kamera, elekeza ncha ya telekomandi ku kamera, kisha finya butoni yoyote. Telekomandi nyingi zinasemesha televizio na mwanga wa infraruji. Jicho letu haliuoni, lakini kamera ya simu inauona: utaona nukta nyeupe ao ya rangi ya zambarau inawaka ku kioo cha simu. Simu zingine zinazuia mwanga huo ku kamera ya nyuma, basi jaribu na kamera ya mbele.

Nukta ikiwaka, telekomandi ni nzima, shida iko upande wa televizio. Angalia kwanza kama kitu hakikusimama mbele yake na kufunika kijicho chake: chombo cha maua, picha ya ndoa, kitambaa chenye mama alitandika. Nukta isipowaka, toa pile, finya butoni zote moja moja bila pile, kisha tia pile mpya mbili. Usichanganye mpya na ya zamani. Kama pile ziliacha unga mweupe ku vyuma vyao, pangusa vizuri na kitambaa kikavu. Na hapa kwetu vumbi ni nyingi: inaingia chini ya butoni na jasho la mikono inaigandisha. Kitambaa chenye alkoli kidogo kinatosha.

Lakini ujue: telekomandi za kisasa, zile zenye butoni ya kuongea, zinatumia Bluetooth kwa kazi nyingi, na infraruji kwa kuwasha tu, ao hata hapana. Hizo kamera haiwezi kuzihukumu. Jaribu pile mpya, na karibia televizio.

Na neno moja kwa bamama. Telekomandi ndogo za visanduku vingine vinatumia pile ya duara, bapa, sawa kichele cha feza. Pile hiyo mutoto mudogo akiimeza, inaweza kuchoma koo lake ndani ya saa mbili tu. Usingoje itoke ku choo. Musimutapishe. Mukimbie naye ku hospitali saa ileile, hata ni usiku. Kifuniko cha pile kikilegea, mufunge na sparadra nguvu ao muiweke juu ya kabati.

Butoni iko, paka haionekani

Telekomandi imepotea kabisa? Kwanza weka mukono chini ya televizio, katikati, pale jina la kampuni limeandikwa. Ku LG utakuta butoni moja hapo chini. Ku Samsung inaweza kuwa chini katikati, ao nyuma ku pembe, ao pembeni. Hisense na TCL nyingi pia ziko na butoni moja iliyofichwa chini ao nyuma. Zima taa ya nyumba, mulika na torchi ya simu, tafuta polepole na kidole. Butoni iko.

Hiyo butoni moja inafanya kazi zote. Televizio ikilala, finya mara moja, itaamuka. Ikisha kuamuka, finya kidogo: orodha ndogo inaonekana ku kioo. Kila kufinya kidogo kunapeleka alama ku kitu kinachofuata: sauti, shene, priza ya HDMI, kuzima. Ukifika pale unataka, finya na ushike muda kidogo, televizio inaelewa kwamba umechagua. Ku Samsung zingine butoni ni kama kijiti chenye kusukumwa pande ine; hiyo ni rahisi zaidi.

Kwa butoni hiyo utaweza kuangalia dekoderi, Canal+ ao StarTimes, juu dekoderi iko na telekomandi yake. Kwa RTNC na mupira wa TP Mazembe ao Lupopo, inatosha. Lakini kwa kuandika jina la filme ao kode ya wifi, butoni moja itakuchokesha. Hapo tunahitaji mulango wa pili.

Simu ya mukono inakuwa telekomandi

Mulango wa pili ni simu yako. Karibu kila kampuni ya televizio iko na programu yake ya simu, ya bure. Kwa televizio na visanduku vyenye Android TV ao Google TV, ni programu ya Google TV. Kwa Samsung ni SmartThings. Kwa LG ni LG ThinQ. Kwa Hisense zenye sisteme VIDAA, ni programu ya VIDAA. Kwa kale kafimbo ka Amazon, ni Fire TV. Uipakue tu ku duka la kawaida la simu, Play Store ao App Store. Ile yenye mutu anakutumia ku WhatsApp, achana nayo.

Kuko sharti moja, na mutu akilisahau anapoteza siku nzima: simu na televizio ziwe ku wifi moja. Kama televizio iko ku modem ya nyumba na simu iko ku mega zake yenyewe, hazitaonana, hata zikiwa ku meza moja. Zikisha kuwa pamoja, programu inaonyesha jina la televizio, unafinya jina, kode inatokea ku kioo cha televizio, unaiandika ku simu, kazi imeisha. Televizio zingine zinauliza ku kioo chao kama unakubali simu ile. Kwa kujibu hapo, tumia ile butoni moja ya chini.

Tena, kuko simu zenye infraruji ndani. Xiaomi na Redmi nyingi ziko nayo, na Infinix zingine. Angalia ku ukingo wa juu wa simu: utaona katundu keusi kadogo kenye kungaa. Simu ya namna hiyo haihitaji wifi wala kode. Unafungua programu yake ya telekomandi, unachagua kampuni ya televizio, unajaribu kuwasha. Inawasha televizio ya zamani, dekoderi, hata klimatizere ya biro. Kama mu kartie kuko mutu mumoja mwenye simu hiyo, anaweza kusaidia parsela kumi.

Wifi imebadilika: hila ya jina

Hapa njo pahali watu wengi wanashindwa, na fundi asiye na roho nzuri anapata kula. Umehama toka Panda kwenda Kikula. Ao umeacha modem ya kampuni moja ya simu, umetwaa ya ingine. Ao mumechanga feza na majirani kununua Starlink, yenye serikali yetu iliruhusu mwaka 2025. Televizio, yenyewe, inakumbuka paka wifi ya zamani. Ili uipe wifi mpya unahitaji telekomandi. Ili simu iwe telekomandi unahitaji televizio iwe ku wifi. Ni nyoka anayejiuma mukia.

Dawa iko, na haina bei. Utahitaji simu mbili. Ku simu ya kwanza, ingia ku kipande cha kugawa koneksio na wengine. Badilisha jina la koneksio hiyo, uandike jina lilelile la wifi ya zamani. Herufi kubwa iwe kubwa, ndogo iwe ndogo, nafasi na namba sawasawa. Weka pia neno la siri lilelile la zamani. Kama simu inakuuliza nguvu ya wifi, chagua 2,4 GHz, juu televizio na visanduku vya zamani havisikii ingine. Kisha washa. Televizio itafikiri ni modem yake ya zamani imerudi, itajifunga yenyewe. Simu ya pili nayo iingie ku wifi hiyo, ufungue programu ya telekomandi, na hapo unaweza kuongoza televizio mpaka ku mahali pa kuipatia wifi mpya.

Umesahau neno la siri la zamani? Uliza watoto. Ku simu ya Android isiyo ya zamani sana, yenye iliwahi kuingia ku wifi ile, fungua orodha ya wifi zilizohifadhiwa, chagua jina lile, finya «kugawa»: neno la siri linaonekana pamoja na kale kapicha ka mistari ka kuskani.

Na muwe macho na mega. Kuongoza tu televizio hakuli kitu. Lakini televizio ikisha kuona koneksio, inaweza kuanza kupakua mabadiliko yake yenyewe, ao watoto wataanza filme. Saa moja ya filme inaweza kula jiga moja hivi kwa picha ya kawaida, na mpaka jiga tatu kwa picha safi. Mukisha kumaliza kazi, zima kugawa.

Suri ya ordinateri na telekomandi ya jirani

Mulango wa tatu uko nyuma ya televizio: katundu ka USB. Chomeka suri ya ordinateri, ile ya kamba, hata ya zamani. Ku Android TV nyingi, ku LG na Samsung za intaneti, mushale unaonekana ku kioo na unafinya pale unapotaka. Ku Android, butoni ya kuume ya suri mara nyingi inarudisha nyuma. Klavie pia inafanya: mishale ine ya kutembea, Enter ya kuchagua. Kama mutoto anasoma informatiki, suri iko mu kabati yake.

Mulango wa ine: kamba ya HDMI yenyewe inaweza kupeleka amri. Kama kasanduku kako ao kafimbo ka Fire TV kamepoteza telekomandi yake, jaribu ile ya televizio. Mara nyingi inaweza kukaongoza. Kazi hiyo kila kampuni imeipa jina lake: Samsung inasema Anynet+, LG inasema SIMPLINK, Sony inasema Bravia Sync. Inafaa iwe imefunguliwa mbele ku mapangilio ya televizio.

Mulango wa tano ni soko. Kama yote imeshindikana, telekomandi ya kuuzishwa iko. Mbele ya kwenda, andika namba ya televizio yenye iko ku karatasi ya nyuma, ao piga yake picha. Usinunue kwa kuangalia umbo tu: telekomandi mbili zinaweza kufanana sawa mapacha, moja inawasha, ingine hapana. Omba kurudisha kama haikubali. Na ukumbuke kwamba telekomandi ya infraruji ya soko haitaongea na kale kafimbo kenye kutaka Bluetooth.

Bei yake, hata ikiwa ya juu, haiwezi kufanana na bei ya televizio mpya. Fanya hesabu hiyo mbele ya kutia mukono ku karatasi ya deni.

Vitu viwili vya kukataa kwa fundi

Mafundi wa Likasi wengi ni watu wa kazi, na tunawaheshimu. Wengine ni watoto wetu. Lakini kuko vitu viwili vya kukataa.

Cha kwanza: neno la siri la kompte yako. Fundi wa telekomandi hana haja ya kujua neno la siri la Google yako. Kompte ile iko na picha zako, namba za watu, na kwa wengine karte ya banki. Kama inafaa kuandika neno la siri, andika wewe mwenyewe, yeye aangalie pembeni.

Cha pili: kurudisha televizio sawa vile ilitoka ku fabriki, wakati telekomandi haiko. Watu wanakimbilia hiyo, wanafikiri ni dawa ya yote. Ukifuta yote, televizio inaanza na maulizo ya luga, ya wifi, ya kompte, na ingine inaomba telekomandi ku hatua ya kwanza kabisa. Ulikuwa na shida moja, sasa uko na tano. Haraka haraka haina baraka.

Baba eko ku kazi, nani anashika?

Sasa tufike ku jambo lenye tunaona kuwa zito zaidi kuliko pile.

Wengi wetu tunafanya kazi mbali na nyumba: Kambove, Fungurume, Kolwezi. Baba anaenda, anakaa siku nyingi ku kampi, anarudi kupumzika, anaenda tena. Televizio iko Likasi, lakini programu ya kuiongoza iko ku simu yake, kompte ni yake, neno la siri liko mu kichwa chake. Telekomandi ikipotea siku ya pili ya kazi, mama na watoto wanabaki na kioo cheusi mpaka arudi. Tumesikia bamama wanasema: «Tele ni ya bwana, si yetu.» Na tumesikia wababa wanasema, bila aibu: «Njo vile napenda, nijue nani anaangalia nini.»

Kamarade, hapo hatukubali. Ku kazi tunapigana ili kila mufanyakazi ajue butoni ya kusimamisha mashini iko wapi, hata kama yeye si mwenye kuiendesha. Ufunguo mumoja mu mufuko wa mutu mumoja aliye mbali ni hatari, na kila delege wa usalama anajua. Ndani ya nyumba ni vilevile. Mama aliye peke yake na watoto usiku anahitaji habari: barabara imekatika wapi, shule inafunguliwa lini, serikali imetangaza nini. Mwezi wa pili mwaka 2024, ku demi-finale ya CAN, Léopards walipofunika vinywa vyao wakati wa wimbo wa taifa juu ya kukumbusha dunia mateso ya ndugu zetu wa mashariki, inchi nzima ilitaka kuona. Jambo kama lile halingoji mutu arudi toka ku kampi.

Basi, simu ya mama nayo iwekwe ku televizio. Ya mutoto mukubwa pia, kama munamuamini. Maneno ya siri ya wifi na ya televizio yaandikwe ku kadaftari, yawekwe pamoja na karatasi za nyumba. Kama baba anaogopa watoto waone picha mbaya, kuko kode ya wazazi ku mapangilio. Mama nayo aijue.

Na upande mwingine: simu yenye iliunganishwa na televizio, siku ikiuzishwa ao ikiibwa, itolewe ku orodha ya televizio. Vinginevyo mwenye simu ile akiingia ku wifi yenu anaweza kuwachezea usiku, kuongeza sauti, kubadilisha shene, na ninyi mutasema ni muloji.

Kuran ikirudi

Kwetu, shida nyingi za telekomandi zinaanza na kuran. Kituo cha Mwadingusha, ku muto Lufira, kimetoka miaka ya 1930. Kilijengwa juu ya kupatia mine na usine nguvu, na kikafanywa upya, kikarudi ku kazi mwaka 2021. Nguvu inatoka karibu na sisi, lakini delestaji tunaijua. Kuran ikikatika na kurudi, televizio nyingi haziwaki. Zinabaki zinalala na taa nyekundu, zinangoja telekomandi. Mutu asiyejua anafikiri kuran imeiua. Mara nyingi ile butoni ya chini inaiamusha. Televizio zingine ziko na mapangilio ya kusema: kuran ikirudi, uwake mwenyewe. Tafuta hiyo wakati telekomandi ingali mu mukono.

Lakini kuran ikikatika, chomoa televizio ku priza. Ngoja dakika kadhaa kisha kuran kurudi, mbele ya kuchomeka. Pigo la kwanza la kuran yenye kurudi njo lenye kuua karte, na kwa hiyo hakuna simu wala suri itakayosaidia. Mwenye stabilizateri, aitumie.

Tufanye leo, si kesho

Telekomandi yako iko leo? Muzuri. Basi jioni hii, kuran ikiwa, fanya mambo matano. Tafuta butoni ya televizio na uonyeshe watoto pahali iko. Pakua programu ya simu na uunganishe simu mbili, si moja. Andika jina la wifi na neno la siri ku kadaftari, herufi kwa herufi. Piga picha ya namba ya nyuma ya televizio. Fungua ile kazi ya HDMI ku mapangilio. Ni kazi ya nusu saa, na haiombi feza.

Akiba haiozi. Mutu aliyefanya hivyo, siku telekomandi itaingia ndani ya godoro ao mbwa atakapoitafuna, atacheka tu.

Na wewe mwenye karatasi ya deni la televizio ku meza, bado hujatia mukono: ngoja siku moja. Weka kidole chini ya kioo, ita kijana wa jirani mwenye Redmi, jaribu suri. Kama imeshindikana kweli, leta karatasi hiyo ku biro ya sendika tuisome pamoja, tuone watakata ngapi kila mwezi na kwa miezi mingapi, mbele ya mushahara kuguswa.